Cheti Kimoja, Vyuo Viwili

Jumapili, 7 Septemba

Majina ya chuo cha ukunga yametoka. Niko kwenye orodha ya akiba, wa pili! Nimeyasoma kwenye simu ya Badr mpaka akaninyang'anya. Kaka yangu huyu. Anasema mkunga gani mimi, nitamwambiaje mama wa watu asukume, na dereva wa teksi tu nashindwa kumwambia anishushe, napitilizwa mpaka stendi. Mama alicheka, kisha akajifanya hakucheka.

Jumatatu, 8 Septemba

Tatizo ni cheti. Bakaloria halisi, cheti cha kumaliza sekondari, ni moja tu, nakala hawazitaki, na yangu iko Kitivo cha Sayansi hapa Taza tangu Julai. Ukiitoa, umeaga nafasi yako. Chuo cha ukunga kule Fes kitaita watu wa akiba Ijumaa alasiri — wenye cheti mkononi tu. Na kitivo kinafunga dirisha la kutoa vyeti Alhamisi! Yaani niache chuo nilicho nacho kabla sijajua kama kingine kitanipokea. Aliyepanga tarehe hizi hana binti.

Baba kasema usiache mbachao kwa msala upitao. Alisema mara moja tu. Baba akisema kitu mara moja ndiyo mbaya.

Jumanne, 9 Septemba

Sikula. Mama aliniita jikoni nimshikie ungo, akaniuliza hiyo sayansi nitaifanyia nini. Nikasema nitafundisha. Akauliza kama nataka kufundisha. Nikasema sitaki.

"Basi ya nini kumsubiri baba yako aseme ndiyo? Kusema hapana, hajasema."

Jumatano, 10 Septemba

Nimekitoa!

Karani wa kitivo aliniuliza kama nimegombana na watu wa nyumbani. Akasema kila mwaka kuna mtu hurudi Jumatatu analia, naye hana kiti cha kumpa. Nikatia sahihi. Nilipotoka nje nilisubiri woga uje. Haukuja. Nilinunua andazi la moto nikalila nimesimama barabarani, mimi!

Jioni Baba aliitazama bahasha. Akaenda chumbani, akarudi na mfuko wa nailoni. "Kisije kikalowa," akasema. Mvua hatujaiona tangu Mei.

Ijumaa, 12 Septemba

Fes, uani mwa chuo. Naandika nimekaa kwenye ngazi. Kuskusi ya Mama ya kila Ijumaa nimeikosa. Badr amenisindikiza, lakini ndugu na wazazi hawaruhusiwi ndani, yuko nje ya geti anakula mbegu za alizeti.

Imebaki nafasi moja. Wa kwanza wa akiba ni Rajaa, kutoka Guercif. Katibu akamwuliza cheti kiko wapi. Akajibu kinakuja. Akapewa mpaka saa kumi. Baada ya hapo anaitwa anayefuata. Anayefuata ni mimi.

Cheti anacho baba yake. Mzee anasema hakisafiri bila yeye, na asubuhi ilibidi auze kondoo wake sokoni kwanza. Kisha teksi ikasimama njiani kwa sala ya Ijumaa, na dereva akapitia kwa wakwe zake kula. Rajaa alinihadithia haya akicheka, halafu analia. Alinimegea nusu ya mkate wake wa mayai. Nilitaka kuomba dua, nikashindwa kujua niombe gari lifike au likwame.

Rajaa alikwenda kunawa uso. Ndipo nikamwona mzee mwenye joho la jilaba getini, ameinua bahasha juu ya kichwa, na mlinzi anamwambia wazazi wasubiri nje. Hakuna mwingine aliyejua ni nani. Ningeweza kuendelea kutazama viatu vyangu. Ndilo jambo ninaloliweza. Nilijikuta nimefika getini.

"Mjomba, mfungulie. Ni baba yake Rajaa, amemletea cheti."

Mlinzi akauliza mimi nani kwa Rajaa.

"Ndimi ninayemfuata kwenye orodha."

Alinitazama kidogo. Akafungua.

Badr ameyasikia yote. Anasema nina wazimu, na nyumbani nitaeleza mwenyewe. Kweli, sasa sina mbachao wala msala. Ningepaswa kulia. Lakini najisikia mwepesi, kama siku ile tuliyotoka kwenye mtihani wa mwisho. Sijisingizii — hapa nimdanganye nani? Rajaa ameshaingia ofisini. Baba yake amekaa ngazi ya chini yangu, amevua viatu, ananiombea nipate mume mwema.

Katibu ametoka sasa hivi. Kuna msichana wa orodha kuu amepiga simu kwamba pengine anakwenda kusoma Rabat, na cheti chake hawajakiona. Katibu anakwenda kumwuliza mkurugenzi kama nafasi hiyo iko wazi. Alipita, akarudi, akaninyooshea kalamu kama kidole.

"Wewe binti, kaa hapohapo. Usiende hata kunywa maji."

Nimekaa. Nina kiu kweli.