Taa Nyekundu ya Gari la Azzan

Azzan,

Mimi na fundi Khalfan tunakwenda Sharja, na hapo nje ameshaanza kupiga honi. Wali uko jikoni, nimeufunika. Mbuzi hawajanywa maji. Mama yako akirudi mwambie ~~nimekwenda kumtazama mgonjwa~~ kila kitu.

Kwenye gari lako, kubadilisha turbo peke yake, ile feni ya hewa iliyosagika, ni kazi bure, maana unga wa chuma umeshaingia injini nzima. Injini mpya hatuiwezi. Kule Sharja wanachinja magari yaliyogongwa, basi tutatafuta injini iliyotumika pamoja na turbo yake. Khalfan haichukui mpaka aisikie ikinguruma.

Kazini nenda na gari langu. Funguo ziko juu ya friji. Na usinibishie!

Jana taa ya oili iliwaka nikiwa na gari lako katikati ya kilima cha mchanga. Niliiona, mwanangu. Lakini wajomba zako walikuwa kule juu wanapiga kelele: "Vipi, shemeji, tukuletee ngamia akuvute?" Nikaona haya kusimama, nikakanyaga mafuta mpaka moshi ukatoka.

Leo asubuhi pale gereji, Khalfan alipouliza mbele ya watu nani kaiua injini hii, nilitazama chini. Wewe ukasema, "Ni mimi. Nisamehe, baba."

Nami nikakujibu, "Usirudie tena."

Khalfan nitamwambia njiani. Wale wengine nitawaambia palepale gereji, na wewe uwepo.

Baba yako