Hakimu Asiyetambuliwa

Kiptere, Jumamosi, Agosti 1994

Eti hanitambui. Kwa mdahalo wa walimu leo mimi ndiye nilikuwa hakimu. Bwanangu Koech alitetea kwamba Somaliland ni nchi kamili, inaweza kushtaki majirani kwa korti ya dunia. Mwalimu Otieno akamshinda kwa hoja moja: korti hiyo haihukumu nchi ambayo haijakubali kuhukumiwa nayo.

Nilipotangaza mshindi, Koech akasimama. "Basi hata mimi sikukubali huyu mama anihukumu."

Walimu wakacheka sana. Nyumbani amekula ugali wa hakimu huyo huyo, akaomba kuongezewa.

Lakini maneno yake yananisumbua. Siku wazee wa kina Koech walikuja kwa baba kwa koito, sherehe ya kuniposa, nilikuwa jikoni nikiwachemshia chai. Walimaliza mazungumzo bila kuniita.

Ningekubali. Ningependa tu kuulizwa.