Chombo cha Angani Kilichokamatwa Mtaa wa Vungi

KITUO CHA POLISI, BUTEMBO
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Kavugho Virginie
Umri: miaka 41
Kazi: mwenye nyumba ya video
Makazi: mtaa wa Vungi, Butembo
Dini: Mkatoliki
Tarehe: 17 Oktoba 2001, saa tatu na dakika kumi asubuhi
Mbele ya: OPJ Apollinaire, afisa wa upelelezi

Mimi niliyetajwa hapo juu natoa maelezo haya kwa hiari yangu kuhusu mdogo wangu, Mathe Jacob, miaka 33, seremala, ambaye yuko katika mahabusu ya kituo hiki tangu juzi Jumatatu. Nimeambiwa kwamba kesho Alhamisi saa moja asubuhi atapelekwa Beni kwa wanajeshi kama mpelelezi wa adui. Mtaani kwetu wanaume wawili walishapelekwa Beni kwa jina hilo, na wake zao mpaka leo wanauliza walipo. Kwa hiyo naomba afisa aandike kila ninachosema, hata kile kitakachoonekana cha kipumbavu. Jambo lote hili ni la kipumbavu tangu mwanzo wake, na mimi nimechoka nalo.

Mnamo mwezi wa Juni mwaka huu, Yassini, dereva wa lori wa njia ya Kasindi, Beni na Butembo, aliniletea kaseti mbili za filamu ya chombo cha angani, ya kwanza na ya pili. Yassini ni mkaaji wa Beni, mtu wa heshima zake, na ni mteja wangu tangu nilipofungua. Mimi mwenyewe napenda filamu za ndoa na mama wakwe. Lakini wanaojaza mabenchi ni wanaume, na wanaume walitaka chombo cha angani.

Katika kaseti ya kwanza, chumba cha kuongozea chombo ni cheusi, kina mabomba, maji yanadondoka, milango ina alama za mikono. Katika kaseti ya pili kila kitu ni cheupe na milango inajifungua yenyewe. Ni hicho tu. Kwa watu wenye akili kingekuwa kitu cha kuongea dakika tano. Mathe alisema kile cheusi ndicho bora, kwa sababu kinaonyesha watu wanaishi mle na kufanya kazi. Yassini alisema kile cheusi ni mbao zilizopakwa rangi, na mtu asiye kipofu anaona, lakini kile cheupe ni chuma chenyewe. Mabenchi yakagawanyika mawili. Tangu wiki hiyo wafuasi wa Mathe wanakaa upande wa dirisha na wafuasi wa Yassini upande wa mlango, na ole wake mgeni anayekaa katikati.

Ile kazi ya kujenga vyumba vya filamu wao wanaiita décor. Nimelisikia neno hilo miezi minne, asubuhi hadi jioni, mpaka nikilisikia kichwa kinaniuma.

Karibu na mwisho wa kaseti ya kwanza, kamanda wa chombo anapigwa, anaangukia ukuta na kufa. Ni kifo kizuri, mimi nililia. Mabenchi yote yakapiga kelele nirudishe nyuma. Nikadhani wamehuzunika kama mimi. Walitaka kuona kama ukuta umetikisika. Nilirudisha mara kumi na moja siku ile moja. Kwa kurudisharudisha huko utepe umekwisha, na sasa kamanda akianza kuanguka tunaona mvua nyeupe tu. Kila upande unasema mvua ile inaficha ushahidi wake.

Naomba afisa akumbuke ni wakati gani ninaouzungumzia. Watu wa Vuhovi walikuwa wanakimbia vita na kuingia mjini na magodoro kichwani. Mdogo wangu mwaka huu ametengeneza majeneza mengi kuliko vitanda. Na bado, kila jioni akitoka karakana, alikuja kwangu kugombana juu ya ukuta wa Wazungu.

Mnamo tarehe 12 Agosti, siku ya Jumapili, Yassini alimwambia mbele ya watu: "Mathe, weye ni menuisier, seremala. Kama mbao inaweza kuwa chuma, jenga basi tuone." Mathe akajibu: "Nitajenga. Na siku ile utaingia, utanyamaza." Walipeana mkono. Walikubaliana kwamba Mathe akishindwa, atakivunja kile chumba kwa mikono yake mbele ya wote, na hatasema tena neno juu ya kaseti ya kwanza. Nilifurahi, nikafikiri sasa watanyamaza.

Nilimpa depo ya kahawa iliyo nyuma ya nyumba ya video, kwa sababu kahawa yenyewe siku hizi haiji. Alijenga kwa triplex, yaani zile mbao nyembamba za tabaka, madebe ya mafuta ya msaada yaliyokunjuliwa, vibao vya karatasi vya kupangia mayai, balbu za tochi na karatasi za ndani ya pakiti za sigara. Mikono ya kuongozea chombo ni vishikio vya majeneza, vile vya rangi ya fedha. Rangi aliipaka, akaikwaruza, akaipaka tena moshi wa taa, siku sita kwa ukuta mmoja. Mke wake alikuja kuniuliza kama mume wake ameanza kuwa mgonjwa wa kichwa.

Mnamo tarehe 20 Septemba Yassini alipita kukagua, akasema vifungo vya mbao vinamchekesha, chumba cha kuongozea bila chombo cha kuongelea ni jikoni. Wiki iliyofuata alileta kutoka Oicha kasha la phonie, yaani ile redio ya kupeleka sauti mbali. Alilitoa kwenye takataka za shamba la kahawa lililokufa. Lilikuwa kasha tupu, bila hata waya mmoja ndani. Alisema analitoa ili asishinde mtu dhaifu. Niliwaambia wote wawili, siku hiyo hiyo, kwamba phonie katika mji huu ni kitu cha kumwua mtu, iwe nzima au tupu. Yassini aliniambia: "Mama Nadège, hapana ogopa. Ni kopo tu." Mathe hakunisikia kabisa. Alikuwa anapima urefu wa kasha.

Mnamo Jumapili tarehe 14 Oktoba, saa tano, baada ya misa ya pili, watu kama thelathini walikuja kuamua. Waliingia watanowatano. Kulikuwa na kelele nyingi, na kelele ndizo zilizoleta doria. Saa sita na robo wanajeshi wanne waliingia depo na sajini wao. Mimi nilikuwa mlangoni, niliona na kusikia yote. Sajini alitazama kuta, akatazama balbu zinazowaka, akaona phonie.

Aliuliza: "Hii ni nini?"

Mtu yeyote mwingine wa Butembo angejibu: chef, mkubwa wetu, ni mchezo, ni mbao. Mdogo wangu alikuwa ameshika brashi, Yassini amesimama nyuma yake, na watu thelathini wanasikiliza. Akajibu: "Ni chumba ya kuongozea."

"Kuongoza nini?"

"Chombo."

"Inaenda wapi?"

"Mbali sana, chef. Kwenye mutu hajafika."

"Na hii phonie, nani anaongeaka ndani?"

"Ni commandant."

"Commandant gani? Iko wapi?"

"Alishakufa, chef. Alikufa mu kaseti ya kwanza."

Sajini aliandika majibu hayo yote kwenye daftari lake, moja baada ya jingine. Nilipiga kelele kwamba ni filamu, wakanisukuma nje. Walimfunga Mathe mikono kwa kamba. Alipokuwa akitolewa alimgeukia mwanajeshi mmoja na kumwomba asiegemee ukuta wa kushoto kwa sababu rangi haijakauka. Hili nalo naomba liandikwe, ili ieleweke ninaishi na mtu wa namna gani.

Jumatatu saa nne walimleta hapa kituoni. Nilikuja na chakula, na afisa aliniruhusu kuongea naye. Afisa mwenyewe alishaniambia ukweli wa jambo hili: Mathe amekiri kwa mdomo wake kwamba kuna chumba cha kuongozea, phonie na kamanda, na maneno hayo yatafutwa tu na mdomo ule ule. Alimwandikia karatasi ya mistari mitatu. Inasema kitu hicho ni mbao na rangi, ni kitu cha mchezo, hakiongozi chochote na hakipeleki sauti popote. Akiweka sahihi, faili inabaki Butembo.

Mathe aliisoma akanirudishia. Alisema, akiniita yaya kama tunavyomwita dada mkubwa: "Yaya, hapana. Hii miye siwezi kusinya."

Nikamwuliza kwa nini.

"Nikisinya ni mbao tu, Yassini ameshinda. Kazi ya miezi mbili, yaya. Ile sajini aliingia na bunduki na aliogopa. Unaelewa? Aliogopa mbao yangu."

Nikamwambia: "Mathe, batakupeleka Beni."

"Banipeleke. Kule batafungua, bataona benyewe. Lakini si miye njo nitasema."

Nilimwambia maneno ambayo sitaki yaandikwe. Nilimkumbusha watoto wake watatu. Alilia, lakini kalamu hakuishika. Jana nimekuja tena mara mbili, na jibu lake ni lile lile. Sijawahi kumchukia mtu ninayempenda kama nilivyomchukia mdogo wangu jana saa kumi.

Leo asubuhi nimemkuta Yassini amekaa kwenye benchi la nje ya ofisi hii. Ameliacha lori Beni na kuja kwa pikipiki. Hakuna aliyemwita. Amekuja kusema kwamba kasha la phonie ni lake na yeye ndiye aliyelileta, ingawa anajua neno hilo linaweza kumtia yeye mahali pa Mathe. Afisa anaweza kumwona kutoka dirishani. Nilimshika mkono, nikamwambia Mungu amlipe. Akaniambia: "Asante, Mama Nadège. Nitasema ukweli yote. Lakini ukuta ya kushoto ilitikisika, na hiyo pia nitasema." Nikaachia mkono wake.

Afisa ameniuliza kama kuna jambo jingine linaloweza kusaidia. Lipo moja. Sikumwambia mtu, wala Mathe, kwa sababu sikutaka kumpa nguvu katika upumbavu wake.

Mnamo Jumanne tarehe 2 Oktoba, saa tisa alasiri, risasi zililia upande wa Kitulu, kisha zikasogea. Nilikuwa peke yangu na binti yangu Nadège, miaka minane. Nyumba ya video ina kuta za mbao, kwa hiyo tulikimbilia depo, ambayo ni ya matofali. Mathe alikuwa kazini mjini. Tuliingia ndani ya chumba chake, nikavuta ule mlango wake, ukateleza bila sauti. Nadège alikuwa anatetemeka meno. Nikawasha balbu. Akakaa kwenye kiti cha kamanda, akaweka mikono kwenye vile vishikio, akaniuliza: "Mama, tunaenda?"

Nikamwambia ndiyo.

Mimi ndiye niliyeyakusanya yale madebe. Najua kila kibao cha mayai kilitoka kwa nani. Lakini tulikaa mle karibu saa mbili, na katika saa hizo mbili sikuwa Butembo. Nilisikia milio nje, na niliisikia kama kitu tunachokiacha nyuma. Nilipomwambia mtoto wangu tunaenda, sikuwa namdanganya, niliamini. Mtoto aliacha kutetemeka, mwishowe akalala. Hakuna mahali pengine katika mji huu, hata kanisani, Mungu anisamehe, ambapo vita iliniachia saa mbili.

Kwa hiyo mimi, dada yake mkubwa, nasema mbele ya afisa kwamba kitu kile ni mbao, triplex na rangi. Hakipeleki sauti kwa mtu yeyote. Mathe amekijenga vizuri kuliko Wazungu wa kaseti zote mbili, na naomba asiuawe kwa sababu hiyo.

Sina la kuongeza. Maneno haya ni yangu, nimesomewa, na ndivyo nilivyoyasema.

Sahihi ya shahidi: Kavugho Virginie

MAANDISHI YA AFISA

Maelezo yamepokelewa na kusomwa kwa shahidi. Saa tano na nusu nimepokea pia maelezo ya Yassini, dereva. Saa saba nimekwenda mtaa wa Vungi pamoja naye na sajini wa doria. Kasha la phonie limefunguliwa kwa bisibisi mbele yetu na kukutwa tupu. Kuta zimegongwa: ni mbao. Sajini amekubali kuyafuta maandishi yake iwapo mahabusu mwenyewe ataweka sahihi.

Saa nane na nusu nimemtoa mahabusu na kumpa karatasi kwa mara ya nne. Amekataa. Nimemsomea maelezo ya dada yake kuanzia mwanzo. Nilipomaliza ameomba nirudie habari ya tarehe 2 Oktoba. Nimerudia. Ameomba tena, nikarudia. Kisha ameomba kalamu.

Ameachiliwa saa tisa na dakika ishirini. Faili haitakwenda Beni.

OPJ Apollinaire