Mama Mfaransa na "Kata!"

Neema mdogo wangu, bi harusi wetu, pokea salamu za Guangzhou, huku jua linachemsha hadi mate mdomoni!

Leo nilikuwa nanunua kitenge cha sare za mashangazi, jora la mwisho dukani. Mama mmoja wa Kifaransa, mtengeneza sinema, akawa anaturekodi. Zamani alikuwa fundi cherehani, ndiyo maana hataki waigizaji, anataka watu na kazi zao. Kwa Kiingereza changu cha kuombea maji nikamfundisha: kwetu ukimaliza kurekodi unasema "Kata!"

Tulipopatana bei, mama akapaza sauti: "Kata!" Kumbe laoban, bosi wa duka, Kiswahili cha sokoni anakijua. Mkasi huo, chwaa! Kipande cha jora kikadondoka.

"Laoban, umeniua! Sare hazitatosha!"

"Nyinyi sema kata, mimi kata!"

Mama akacheka hadi machozi, kamera hakuizima. Anasema makosa ndiyo utamu wa sinema zake. Akanunua kile kipande, akajifunga kiunoni palepale.

Nimepima kilichobaki, kinatosha, ila mashangazi wasinenepe. Wakwe wakiuliza, waambie tuna shangazi mwingine Ufaransa, na sare ameshavaa.

Kula vizuri, usikonde kwa mawazo, gauni litakupwaya.

Kaka yako mpenda sifa,
Musa