Kitambaa Nilichochora kwa Utomvu

Kimisagara,
Kigali.
13 Julai 2025.

Mpendwa mdogo wangu Shami,

Salamu nyingi kama vumbi la kiangazi hiki, ambalo nalifuta mezani asubuhi, mchana limesharudi. U mzima? Kifua je, kimeacha kukukaba? Nilimwomba mama yako akukumbushe kujifunika mdomo unapochemsha hayo marangi yako, sijui kama alikufikishia. Sisi hapa tunamshukuru Mungu. Baba Manzi bado yuko kiwandani Masoro, anarudi miguu imevimba. Manzi anaota meno ya juu, kwa hiyo halali, na mimi silali, na cherehani nayo inanisubiri.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu ungenijibu kwa vikopa vyekundu, tukaishia hapo. Barua hii nampa Mugabo, yule dereva wa lori, akipita Morogoro akuachie. Isome umekaa.

Nianze na siku ya Idi. Tulikuwa kwa mjomba Kalisa, watu wameshashiba, akaipitisha simu yake yenye picha zako. "Tazameni binti yetu! Anazika kitambaa na misumari, akikifukua kimekuwa picha!" Watu wakapiga makofi. Simu ilipofika kwangu, mjomba akaniuliza, "Na wewe Raihana, ile suruali yangu umeshaipinda?" Nikasema bado, mjomba. Nikaipitisha simu kwa aliyekaa pembeni yangu.

Shami, nikuambie kweli, nilikuonea wivu, na mpaka leo ninao. Hata si kwa ajili ya makofi. Ni ile picha ya ndoo zako zilizopangwa ukutani hapo chuoni, umeandika chini yake, "Hizi zote zimeharibika, kesho tena," na wewe umesimama pembeni unacheka. Niliitazama hadi maziwa ya mtoto yakamwagikia jikoni. Hapa kwetu nani anaharibu kitambaa akacheka? Mimi kila kitambaa ninachoshika kina mwenyewe. Nikikosea kukata, nalishona lile kosa mpaka lionekane kama mtindo.

Sasa nije kwenye utomvu. Utomvu wa ndizi mbichi unaujua, tulichapwa wote wawili kwa ajili yake pale Biryogo kwa bibi. Ukidondoka kwenye nguo huuoni. Nguo ikifuliwa ndipo doa linajitokeza, na hapo halifutiki tena. Basi nilikuwa namenya ndizi, Manzi mgongoni, tone likaangukia kipande cheupe cha bitana kilichobaki kwenye kushona. Siku nyingine ningelaani. Siku hiyo nikajiuliza, je, nikiupaka makusudi?

Nikamlaza Manzi, nikakata kikonyo cha ndizi kikawa kalamu, nikamchora amelala. Kuchora usichokiona, mdogo wangu! Utomvu unakauka palepale, kitambaa kinabaki cheupe kana kwamba hukufanya lolote. Nikasahau kwamba mkono nilishauchora, nikauchora tena, na tena. Nilipokifua kwa sabuni, Manzi akajitokeza ana rangi ya chai, na mikono imetapakaa kila upande. Générose, jirani ninayechangia naye bomba, akashika kiuno: "Yebaba wee, Mama Manzi! Huyu ni mtoto ao ni buibui?" Tukacheka mpaka Manzi wa kweli akaamka.

Sikutosheka. Pembe moja nikaitumbukiza kwenye maji ya misumari yenye kutu, kama unavyofanya wewe. Doa likawa jeusi kama tako la sufuria. Pembe nyingine nikailoweka kwenye maji ya majivu, ikaelekea wekundu, kidogo tu. Kwa nini, sijui. Tangu hapo namenya ndizi huku nawaza. Baba Manzi ameshauliza mbona siku hizi hatuli kitu kingine.

Ndipo nikakutumia ile picha, kwa furaha, kama mtoto anayeonyesha jino lililong'oka. Ukajibu upesi, nikutumie kitambaa chenyewe, unakitaka kwenye maonyesho yenu ya mwezi wa tisa, tena nikuandikie utomvu niliuacha muda gani na majivu yalikuwa kiasi gani. Sawa. Lakini juzi mama yako kanipigia simu, sauti imejaa furaha: "Shami wangu kagundua kitu kipya, anachora kwa ndizi!" Nikamwambia hongera, mama mdogo. Nilipokata simu nikaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Imeniuma, Shami. Sidhani ulikusudia kuninyang'anya. Nakujua, ukifurahi mdomo unakutangulia. Lakini mama yako utamwambia wewe mwenyewe kwamba aliyechora ni Raihana, kabla sijamwambia mimi.

Na kitambaa hakiji. Usinune. Nimekitundika juu ya cherehani, wateja wanauliza ni nini, na mimi nina raha ya kuulizwa. Vipimo pia sikupi. Sina, na hata ningekuwa navyo ningenyamaza. Huko Morogoro migomba iko tele. Kata, chora, kosea. Ukipata cha kwako kiweke kwenye maonyesho, nami nitakushangilia kuliko mjomba.

Ila nina jambo moja, na hili sitaki tulijadili, nataka ulitekeleze. Chuo kikifungwa mwezi wa nane, panda basi uje. Usilete kanga wala viatu vya mtoto. Lete shuka nyeupe, kubwa, isiyo ya mteja. Kisha Manzi utambeba wewe, umpeleke mbali ambako simsikii akilia, na usirudi mpaka nikupigie. Nataka mchana mmoja mgongo wangu uwe mwepesi na mikono mitupu. Hiyo shuka nitaiharibu yote, Shami, pembe hadi pembe, bila kumwomba mtu radhi, nione kama nami nitacheka.

Nisalimie sana mama mdogo, na Umutoni, mwenzako wa chumbani anayevumilia harufu ya ndoo zako. Générose anakusalimu, anasema uje umsikie anavyonicheka. Mjomba Kalisa pia, suruali yake imekwisha, mwambie ukiongea naye aje aichukue.

Mungu akuponye kifua, akufungulie njia ya kuja kwetu, na mikono yako isikaukiwe na rangi.

Ni mimi dada yako, nikupendaye pamoja na wivu wangu huu,

Raihana, Mama Manzi