Ngao Isiyokuwa Yetu

Jumatano, Kibiti. Mvua inanyesha tangu alfajiri, ua mzima tope tupu. Nina aibu, lakini nimeamka na nguvu.

Wiki iliyopita nilidanganya. Naandika hapa ili nisijifiche.

Kikundi kimoja cha Ngarambe kinajenga nyumba ya kumbukumbu ya Vita vya Maji Maji. Waliniomba niwachoree nembo ya kibao na fulana. Tangu niache kuajiriwa steshenari na kuanza kujitegemea, mwaka wa pili sasa, sijapata kazi kubwa kama hiyo. Nikachora shujaa mwenye mkuki na ngao.

Yaani, sikuchora. Ile ngao niliipakua mtandaoni, nikaibadilisha rangi.

Bi Mwanaidi, mwenyekiti wao, akanipigia simu. "Mwanangu, ngao hii ya watu gani?"

"Ya huku huku kwetu, mama," nikamjibu.

Siku mbili baadaye, mwalimu mmoja wa kikundi akaikuta picha ileile mtandaoni. Ngao ya watu wa mbali, kusini kabisa mwa Afrika. Bi Mwanaidi hakugomba. Alisema tu, "Basi, tutatafuta mtu mwingine."

Afadhali angenitukana.

Jana nikafunga safari bila kualikwa. Nilishuka Nyamwage, nikachukua bodaboda hadi Ngarambe, nikawakuta wanakikundi wanapepeta ufuta uani kwa Bi Mwanaidi. Nikawaamkia. Nikasema mbele ya wote kwamba niliiba picha, kisha nikaongeza uongo juu yake. Sikuomba kazi. Niliomba wanisimulie wanachokikumbuka.

Bi Mwanaidi akanisogezea ungo. "Pepeta kwanza."

Nikapepeta mpaka mabega yakauma, ndipo akaanza. Bibi yake alikuwa mtoto mdogo vita vilipopiganwa.

"Bibi hakunihadithia mikuki," alisema. "Alinihadithia njaa. Wajerumani walichoma maghala, watu wakaingia porini kuchimba ming'oko, vile viazi vya mwituni. Mama yake alikuwa na mbegu za mtama, kazifunga kwenye pindo la kaniki yake. Watoto wakalia njaa, hakulifungua. Mdogo wake bibi akafa. Mvua ziliponyesha, yule mama akafungua fundo, akapanda."

"Bibi alimsamehe mama yake?" nikauliza.

"Aliula ule mtama," akasema. "Na mimi ni mjukuu wake."

Nikatoa daftari. Nikachora fundo la nguo na punje tatu za mtama.

Mzee Saidi, mweka hazina wao, akaguna. "Vita bila mkuki?"

Bi Mwanaidi yeye aliona kosa lingine. "Fundo halifungwi hivyo. Hilo litamwaga mbegu zote." Akashika pembe ya khanga yake, akatia ufuta kiganja kimoja, akafunga polepole ili nione kila mkunjo. Nikafuta, nikachora tena. Akatikisa kichwa. Nikachora tena.

Mara ya tano daftari likazungushwa mkono kwa mkono. Mzee Saidi ndiye aliyekaa nalo muda mrefu kuliko wote.

"Mama yangu alikuwa akifunga hivi," akasema, akampa Bi Mwanaidi.

"Fundo hili liwekwe kwenye kibao," Bi Mwanaidi akasema. Nililia, sikujali nani ananiona.

Ningeweza kuishia hapo na kujisifu. Lakini kwenye ukurasa wangu wa kazi mtandaoni kulikuwa na nembo nyingine mbili nilizozitengeneza kwa mtindo uleule wa kupakua na kupaka rangi. Moja ya duka la dawa la Ikwiriri, nyingine ya mama lishe wa Mkongo. Hakuna aliyegundua. Pengine hakuna ambaye angegundua kamwe.

Mimi najua.

Leo asubuhi nimezifuta. Nimewaandikia wenyewe ukweli na kuahidi kuwachorea upya, kwa mkono wangu. Mwenye duka amenijibu kwa hasira: mifuko yake yote imeshachapwa nembo ile. Ana haki. Nimesoma maneno yake mpaka mwisho, sikujitetea, nikamwambia nitasubiri mpaka atakapokuwa tayari kuongea nami.

Mama lishe hajajibu. Simu yake ni ya kitochi, ile ndogo ya vitufe, kusoma ujumbe mrefu ni shida, na wakati huu huwa yuko jikoni. Nitamfuata Mkongo, mvua iwe imekatika au la, nikae kwenye benchi lake pamoja na wateja. Nitaomba radhi. Kisha nitamwuliza jambo ambalo nilimtengenezea nembo bila kuliuliza: mama, wewe unapika nini?