Nilichomlisha Jeshi

Bado anapumua. Nimeweka kiganja kwenye mbavu zake sasa hivi, zinapanda na kushuka, ila povu limekaukia shingoni na macho hayataki kunitazama.

Jumapili leo. Ukungu umeshika mpaka kwenye migomba, baridi la huku Kasulu mnalijua wenyewe. Nimekaa nyuma ya banda la mbuzi maana ndiyo sehemu pekee simu inashika mtandao. Chaji imebaki vijiti viwili. Watu wako kanisani. Wakitoka wanapitiliza kwa mwenyekiti wa kitongoji, na huko watamhukumu Mama Domina kwa kitu nilichofanya mimi.

Nimeliandika. Sitalifuta.

Ukurasa huu wa mtandaoni alinifungulia fundi simu wa pale stendi. Alisema, Yona, wewe kuongea huwezi, basi andika. Shule niliishia la nne. Mwalimu alikuwa ananisimamisha nisome mbele ya wenzangu, sauti inakata, wanacheka, siku moja sikurudi tena. Kwa hiyo mkikuta makosa mnivumilie. Sijui hata kama kuna mtu anasoma.

Yote haya yametokana na chakula cha mbwa.

Huku kwetu mbwa hapikiwi. Anakula ukoko wa ugali wa muhogo, vichwa vya dagaa, maji yaliyooshea sufuria. Wazee wanasema akishiba halindi. Daktari wa kituo cha afya ni mtu wa Kilimanjaro, yeye mbwa wake ana sufuria yake, anapikiwa wali na utumbo. Akina mama wakipita pale hawakosi neno. "Yewe, watoto wangu wamelalia muhogo, na huyu kila siku kwake Krismasi!" Mimi huwa nasimama nje ya ua namtazama yule daktari anavyokipuliza chakula kipoe kwanza ndiyo amwekee. Namwonea wivu. Sijui namwonea daktari au mbwa.

Mama yangu naye ana yake. Chakula chochote kikitoka nje ya nyumba yetu, tonge la kwanza ni la Jeshi, mbwa wangu. Hata kikitoka kwa shangazi. Mjomba alifariki siku mbili baada ya kula kwenye msiba wa watu, mimi nikiwa mdogo, na mama hajawahi kukubali kwamba ni malaria. Basi anamega, anarusha mlangoni, halafu anasubiri. Huku akisubiri anamshukuru mgeni na kumwuliza habari za shamba. Mgeni anadhani sisi tunapenda sana mbwa.

Na majirani wanafanya hivyo hivyo, nimewaona. Hakuna anayelisema.

Jeshi nilimtoa Mtabila, mwaka ule kambi ya wakimbizi ilipofungwa. Watu walipandishwa kwenye magari kurudi Burundi, mbwa wakabaki wanazunguka kwenye nyumba zilizobomolewa. Huyu alikuwa mtoto, ameingia ndani ya ndoo iliyopasuka, hataki kutoka. Nikabeba ndoo na yeye ndani. Nikampa jina kubwa nikidhani atalifuata. Hakulifuata. Mgeni akija anaingia uvunguni. Akisikia pikipiki anajikojolea.

Mwezi uliopita mbuzi wawili wa baba mdogo Lazaro waliibiwa hapa hapa nyumbani kwetu. Jeshi hakubweka hata mara moja. Kesho yake nikapita pale wanapotengeneza baiskeli, Kaka Severini akaniona. Huyu ni mwindaji, ana mbwa watano, wakali kama nini.

"Oyaa, mbwa kamfuata baba yake! Mwizi akija hawa wawili wanagombania uvungu."

Walicheka mpaka mmoja akaangusha spana. Mimi nikacheka pia. Nilivyofika nyumbani nilikuwa bado nacheka usoni.

Nilimrudia Severini akiwa peke yake, nikamwuliza wake anawapa nini. Aliniambia bila maringo. Unakamata manyigu, unawakausha, unawatwanga na pilipili kichaa na tumbaku kidogo, unaficha katikati ya tonge la ugali. Nyigu anampa hasira, pilipili inampa moto, tumbaku inampa moyo. "Kidogo, dogo. Kidogo kabisa," aliniambia.

Mimi sikuweka kidogo. Nilitaka awe mkali jana hiyo hiyo. Nilichukua tumbaku ya baba mdogo, ile inayoning'inia jikoni, ngumi nzima.

Jana saa tisa nilimwita hapa hapa nilipokaa. Alinusa lile tonge. Akanitazama kwanza, kama anauliza. Nikamwambia kula. Akala, kwa sababu ni mimi niliyempa.

Hapo ndipo nikasikia hodi mbele ya nyumba.

Alikuwa Mama Domina, jirani yetu wa upande wa bondeni. Dada yangu Ester amejifungua siku nne zilizopita, na uchungu ulipombana ni Mama Domina aliyekimbia naye mpaka kituoni, kamshika mkono njia nzima. Alikuja na bakuli mbili, ugali na maharage ya mawese. Jeshi alisikia harufu ya mawese akakimbilia mlangoni. Nikamfuata. Mama akamega tonge, akachovya, akarusha. Jeshi akadaka. Mama Domina akambeba mtoto, akaanza kumwimbia.

Wimbo haujaisha, Jeshi akaanguka.

Miguu ilikakamaa. Povu likamtoka. Alitetemeka mpaka kucha zinagonga sakafu, ile sauti bado naisikia. Mama alimpokonya Mama Domina mtoto kwa nguvu, kitenge kikachanika.

"Umemletea nini mjukuu wangu?"

"Mama Ester, ni maharage. Wajukuu zangu wamekula chungu hicho hicho, nendeni mkawatazame, wanacheza."

Na akanyoosha mkono achukue tonge kwenye bakuli ale mbele yetu. Ilikuwa iishie pale. Lakini baba mdogo alishaingia, akampiga mkono, ugali ukamwagika. Akasema mwenye dawa hadhuriki na dawa yake, hata ale bakuli zima. Majirani waliokimbilia kelele wote wakaitikia ehee.

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mtungi wa maji. Mdomo niliufungua. Naapa niliufungua.

Hakikutoka kitu.

Jeshi alijiburuta mpaka hapa nyuma, akatapika. Nilimfuata peke yangu. Nikaona kila kitu pale chini, mabawa ya manyigu, majani ya tumbaku, pilipili. Watu walikuwa wanapiga kelele upande wa pili wa nyumba. Ningeweza kuita mtu mmoja tu aje aone. Badala yake nilichukua jembe nikafukia.

Hilo ndilo linaloniua. Tumbaku ilikuwa ujinga. Kufukia nilifanya nikiwa na akili zangu.

Sasa hivi kila mtu ana kumbukumbu. Kuku wa fulani walikufa baada ya Mama Domina kupita. Ng'ombe wa fulani alikauka maziwa. Mtu ambaye wiki iliyopita walikuwa wanamwazima kinu, leo ni Mrundi. Alikuja nchi hii mgongoni kwa mama yake. Ameolewa hapa, amezaa hapa, amemzika mume wake hapa. Baba mdogo anataka kikao kiamue ahame, na vijana wanasema kikao kikichelewa wao watamwezulia bati. Ana wajukuu watatu mle ndani, mkubwa yuko la pili.

Asubuhi nilijaribu kumwambia mama. Nilimkuta amechuchumaa hapa kwa Jeshi, amemletea maziwa ya mbuzi na yai bichi kwenye bakuli. Yai! Tangu nimlete hajawahi kupewa yai. Mama analia, anasema, "Huyu ametuokoa, Yona. Anakufa badala ya mtoto." Jeshi hakuligusa.

Nikasema, mama. Akaitika. Nikasema hamna kitu.

Kwa sababu nikisema langu, na lake linatoka. Mwenyekiti atauliza, mbwa alikulaje chakula cha mzazi kabla ya mzazi? Hapo kila aliyewahi kutuletea bakuli atajua lile tonge lilikuwa la nini. Shangazi atajua. Mke wa mchungaji atajua. Mama ataishije na watu? Na baba mdogo atanipiga mbele yao, na Severini atapata kichekesho cha mwaka mzima. Nimezunguka na mawazo haya tangu jana, kila nikifika mwisho namkuta Mama Domina amesimama pale pale.

Amepita hapa asubuhi akienda kanisani. Kitenge ni kile kile, amekishona palipochanika kwa uzi mweupe. Wenzake walikuwa mbele na wengine nyuma, yeye katikati peke yake, barabara nzima yake. Nilitaka kujificha nikachelewa. Alisimama.

"Yona mwanangu, Jeshi ameamkaje?"

Hakuniuliza watu wanasemaje, wala hakuniomba nimtetee. Ameuliza mbwa.

Niliitikia kwa kichwa tu. Akasema, mpe maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, asilale njaa. Akaenda.

Nimempa. Ndicho kitu pekee alichokubali kunywa tangu jana, na alikinywa mkononi mwangu. Mkono ule ule. Hakuninusa hata kidogo kujihakikishia. Nilifikiri angalau safari hii angeninusa.

Rimu ya gari, ile ndiyo kengele ya kanisa letu, imegongwa. Wanatoka.

Mbele ya watu sitaongea vizuri, najijua. Pengine sitaongea kabisa. Ila nimekata jani la mgomba, na jembe ninalo hapa. Nafukua nilichofukia, nafunga kwenye jani, naenda kukifungua kwenye meza ya mwenyekiti. Mabawa yataonekana. Tumbaku ya baba mdogo wanaijua wote kwa harufu. Wakiuliza nani amempa, hapo natakiwa kusema neno moja tu, mimi. Nalifanyia mazoezi hapa, mimi, mimi, na Jeshi ameinua sikio.

Mama nitamwomba msamaha njiani, kama nitamkuta. Nisipomkuta atasikia na wengine.

Naacha hapa. Kutoka kanisani mpaka kwa mwenyekiti si mbali, na Mama Domina akifika kwanza atakaa kwenye lile benchi peke yake, watu wote wamemtazama. Sitaki akae pale peke yake hata dakika moja.